Mama aliimba "mi", kijana akasikia mi nyingine: kusahihisha akordi za programu katika korali moja ya Lubumbashi

Usuli

Korali ninayoisimulia iko Lubumbashi, Kongo, upande wa Katuba. Majina ya kanisa, ya wimbo na ya watu nimeyaacha. Kila mtu nitamtaja kwa kazi yake tu. Mimi nafundisha gitaa na kinanda. Mkubwa wa korali aliniita zikiwa zimebaki wiki tisa kufika sikukuu ya kuanzishwa kwake. Alitaka kitu kimoja: wimbo wa zamani, uliotungwa na mpiga gitaa wa kwanza wa korali ambaye sasa ni marehemu, upigwe tena na vijana ambao hawakuwahi kumwona.

Tulikuwa na kaseti moja iliyorekodiwa miaka ya 1980, na daftari la solfa (muziki ulioandikwa kwa silabi do, re, mi) lililobakiza ukurasa wa soprano peke yake. Kurasa za alto (sauti ya chini ya wanawake), tenori (sauti ya juu ya wanaume) na besi zilikwisha kuchanika. Akordi, yaani mafungu ya noti zinazosikika pamoja, hazikuandikwa popote. Wazee walioimba siku ile ya kurekodi bado wapo sita au saba, na wimbo wanao kichwani.

Vijana walikuwa watano: wawili wa gitaa, mmoja wa besi, mmoja wa kinanda, mmoja wa ngoma. Hawasomi solfa. Wamejifunzia kwenye simu, kwa programu ya aina ile unayoipa wimbo, nayo inakuonyesha akordi zake katika visanduku vinavyotembea pamoja na sauti. Ukiona kosa, unagusa kisanduku na kuandika akordi nyingine. Uwezo huo wa kuhariri ndio kiini cha kisa hiki, kwa sababu tuliutumia vibaya mara mbili kabla ya kuutumia vizuri.

Ili tusipotezane njiani: akordi nitaziandika kwa herufi kama zilivyo kwenye skrini. G ni sol, A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F# ni fa diezi. Alama # inapandisha noti nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya kinanda, na b inaishusha hivyo hivyo, kwa hiyo Ab ni la iliyoshushwa. Herufi ndogo m inaonyesha akordi ya maina; dim na 7 ni aina nyingine za akordi.

Programu inasikia nini

Programu ya namna hii haijui gitaa ni lipi na sauti ya mtu ni ipi. Kwa kawaida inachukua sauti nzima, inaikata vipande vidogo vya muda, na katika kila kipande inapima nguvu ya kila noti kati ya noti 12. Oktava zote zinakunjwa kuwa moja, sol ya besi na sol ya soprano zikahesabiwa pamoja. Kisha inatafuta akordi inayofanana zaidi na mchanganyiko ule, na kuiweka kwenye mpigo ulio karibu.

Sasa iwekee gitaa la Katanga, eneo la Lubumbashi. Upigaji uliojulikana mbali kupitia mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, ni wa vidole viwili: dole gumba linatembea kwenye kamba nene, kidole cha shahada kinasema maneno yake juu. Akordi nzima inapigwa kwa pamoja mara chache sana. Inatawanywa noti moja moja, na sikio la msikilizaji ndilo linaloikusanya. Marehemu wetu alipiga hivyo. Kwa hiyo katika kila kipande cha muda programu inapata noti mbili za gitaa, pengine moja, na juu yake sauti za watu. Noti inayokosekana inabidi iikisie.

Wiki mbili za kwanza: akordi kumi na nne

Mpiga kinanda, kijana wa miaka 17, alianza kazi kabla sijafika. Aliweka simu mbele ya redio-kaseti, akarekodi, akapakia faili. Skrini ilimpa majina 14 ya akordi kwa wimbo wa dakika nne. G na Ab zilikuwa zinapokezana, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja wa maneno. Em ilikuwa imetapakaa. Kulikuwa na F#dim, akordi ambayo sijawahi kumwona mzee wa korali akiipiga kwa kukusudia, na Gm moja mwanzoni kabisa.

Vijana walijifunza zote 14. Nasisitiza hili kwa heshima yao: walifanya kazi kweli, na walichokipiga kilifanana kabisa na skrini.

Jumamosi ya pili tulikutana na wazee. Wimbo ulisimama katika ubeti wa kwanza. Wazee hawakusema akordi ni mbaya. Waliacha kuimba tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki kinanda na ngoma. Mkubwa wa korali akaniambia polepole, "Maestro, hawa watoto wanapiga vizuri. Lakini hatuna mahali pa kuingilia."

Jaribio la kwanza la kuhariri

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kusahihisha kisanduku kimoja kimoja, kuanzia mwanzo wa wimbo. Sababu ilikuwa rahisi: programu inaonyesha visanduku, kwa hiyo tuliona kazi iko ndani ya visanduku. Jioni tatu tulikaa nyumbani kwa mpiga kinanda, tukisikiliza, tukisimamisha, tukibadilisha. Ab tukazifanya G. Zile za ajabu tukazifuta. Jioni moja umeme ulikatika na tukaendelea kwa betri ya simu.

Siku ya nne mpiga besi akaja na rekodi bora. Alikuwa ameazima redio-kaseti nyingine, akasafisha kichwa chake cha kusomea kwa pamba na spiriti, akaunganisha waya kutoka tundu la kisikilizio cha masikioni hadi kwenye kompyuta. Tofauti ilisikika mara moja. Maikrofoni ya simu ilikuwa imeumeza mwendo wote wa besi. Kwa waya, besi ilirudi. Tulifurahi, tukapakia faili jipya.

Programu ililichambua kama wimbo ambao haijawahi kuuona. Marekebisho yetu yote yalibaki yamefungwa kwenye faili la kwanza, juu ya rekodi mbaya, na hapakuwa na njia ya kuyahamisha. Jioni tatu zilipotea, pamoja na mega za intaneti walizonunua vijana kwa pesa yao.

Utaratibu mpya

Baada ya pale nilikataa mtu yeyote kugusa jina la akordi mpaka mambo matatu yawe yamekaa sawa: kasi ya kaseti, mipigo, na besi.

Kasi ilituchukua saa moja tu. Kaseti ikizunguka haraka kuliko ilivyorekodiwa, wimbo unaenda mbio na pia unapanda juu. Ongezeko la karibu asilimia 6 linapandisha wimbo mzima kwa nusu toni. Yetu ilikuwa imepanda chini ya hapo: tulipopima noti ndefu ya mwisho kwa kipima sauti cha gitaa, sindano ilisimama senti 45 juu ya sol, na nusu toni nzima ni senti 100. Ndiyo maana G na Ab zilikuwa zinapokezana. Wimbo ulikuwa umekaa katikati ya vyumba viwili, na programu kila mara ilikuwa inachagua mlango.

Je, turudishe chini kwenye G au tupandishe hadi Ab? Wapiga gitaa walitaka kujua marehemu alipiga katika ufunguo gani hasa, yaani noti ipi ilikuwa nyumba ya wimbo. Lakini yeye alikaza kamba kwa sikio, na sol yake huenda haikulingana na sol ya kinanda cha leo. Niliamua G, kwa sababu mbili: ndipo wazee wanapoimbia sasa bila kukaza koo, na mikono ya gitaa inakaa vizuri pale. Kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tulipunguza kasi kwa asilimia 2.6. Tukapakia faili hilo, la mwisho. Majina yakashuka kutoka 14 hadi 8 kabla hatujagusa kisanduku hata kimoja.

Mipigo ilikuwa ngumu zaidi, na nadhani hapa ndipo vijana wengi wanaotumia programu hizi kwa nyimbo zetu wanapopotea bila kujua. Wimbo ule unakwenda kwa hatua mbili katika kila kipimo, yaani kila mzunguko mfupi wa mapigo, na kila hatua ina vipande vitatu. Ukipiga makofi kwenye vipande vyote unapata sita. Ukicheza kwa miguu, unakanyaga cha kwanza na cha nne. Programu ilihesabu vipande sita vile vile, ila ikavigawa mara tatu: ikakanyaga cha kwanza, cha tatu na cha tano. Urefu wa kipimo ni ule ule, kwa hiyo ukitazama skrini huoni kosa lolote.

Shida ni kwamba marehemu alikuwa anabadilisha akordi kwenye kipande cha nne. Kwa programu, kipande hicho hakipo. Kinaangukia katikati, kati ya mpigo wake wa pili na wa tatu. Basi mara inaisogeza akordi nyuma, mara inaisukuma mbele. Kijana anayefuata skrini anafika mapema katika mstari huu na kuchelewa katika ule, na mwimbaji anayesubiri kushika noti yake kwa hatua ya pili anakuta mlango umefungwa. Ndiyo maana ya maneno ya mkubwa wa korali.

Programu haikuwa na namna ya kuchagua hatua mbili zenye vipande vitatu. Ilikuwa na namna ya kuongeza mipigo mara mbili. Tukaiongeza, kila kipimo kikawa na visanduku sita badala ya vitatu, na kisanduku cha nne kikapatikana. Pia tulisogeza mwanzo. Kiongozi anaita kabla kipimo cha kwanza hakijaanza, na programu ilikuwa imechukua wito wake kuwa mpigo wa kwanza.

Besi tuliifanya kwa kalamu. Programu ina uwezo wa kutenganisha sauti, na kwa kaseti ya zamani kama ile haitenganishi vizuri, lakini ilitosha. Mpiga besi alisikiliza besi peke yake na kuandika noti moja kwa kila hatua. Karibu wimbo wote ulikuwa sol, do, sol, re, ukizunguka. Palipokuwa hapasikiki kitu aliacha nafasi wazi. Nafasi hizo zilikuwa chache, na mimi sikuzitilia maanani.

Kosa langu

Sasa tukaingia kwenye majina. Kubwa lililobaki lilikuwa Em. Baada ya kulinganisha na karatasi ya besi, tuliona chanzo chake. Penye akordi ya C, yaani do, mi, sol, waimbaji wanashika mi na sol kwa nguvu, na kidole cha shahada cha gitaa kinapita kwenye si. Do yenyewe iko kwenye besi tu, na besi ya kaseti ni dhaifu. Programu inasikia mi, sol na si, na hiyo ni Em kamili. Imesikia sawa kilichokuwepo, ila do ya besi, noti inayoishikilia akordi, haikuisikia.

Kulikuwa na Em 11 kwenye skrini. Tulikagua sita za kwanza, moja baada ya nyingine, na zote sita zilikuwa C. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Programu ina kitufe cha kubadilisha akordi moja kwa nyingine katika wimbo mzima. Mpiga kinanda akaniuliza, "Maestro, nibadilishe zote?" Nikamwambia abadilishe zote.

Mi ya Mama

Jumamosi iliyofuata wimbo ulikwenda. Wazee waliingia, miguu ikasogea, mkubwa wa korali alifumba macho. Katika ubeti wa tatu mama mmoja wa alto, aliyeimba siku ya kurekodi, akainua mkono.

"Mwanangu, pale kinanda inanisukuma. Mi ninaimba mi."

Mpiga kinanda alitazama skrini. Alikuwa ameweka majina ya akordi kwa namna ya Kifaransa, kwa hiyo kisanduku kilisema Do. Akajibu kwa adabu kabisa, "Mama, mi iko ndani. Do, mi, sol. Angalia." Akazipiga tatu zote. Mama akasikiliza, akasema, "Sawa, ninyi mumesoma," akashusha mkono.

Mimi nilikuwepo. Nilisikia swali na nilisikia jibu, na jibu lilikuwa sahihi kwa nadharia: mi kweli iko ndani ya C. Nikaendelea na mazoezi.

Juma lililofuata hakulalamika. Nilichokiona ni kwamba katika vipimo viwili vya ubeti wa tatu alto ilikuwa nyembamba. Nikamtazama: alikuwa amefunga mdomo, anangoja vipite, halafu anaingia tena. Baada ya mazoezi nilimwomba abaki kidogo. Nikampa sol kwenye kinanda, sauti ya mwanzo wa wimbo, nikamwomba apande polepole.

Nilibonyeza sol. Akaimba, "Do."

Nilibonyeza la. "Re."

Nilibonyeza si. "Mi. Hapo. Hapo njo ninaimba."

Katika solfa, do ni nyumba ya wimbo popote nyumba ilipo. Wimbo ukiwa katika G, do ya korali ni sol ya kinanda, na mi ya korali ni si ya kinanda. Mama alikuwa anaimba si. Si haimo katika C. Tena si na do za kinanda ni majirani wa nusu toni, na kinanda kilikuwa kinampigia do karibu kabisa na noti yake, kikimvuta juu. Aliposema anasukumwa, alikuwa anaeleza kitu halisi kinachopimika, kwa usahihi kuliko mimi na skrini yangu.

Tulirudi kwenye rekodi jioni ile ile. Tuliondoa ala, tukabakiza sauti, tukapunguza mwendo kwa nusu: alto wote wako kwenye si. Kisha tukageuza, ala peke yake. Katika vipimo vile viwili mpiga besi wa zamani alikuwa amenyamaza, ndiyo ile nafasi wazi kwenye karatasi yetu. Dole gumba la marehemu lilikuwa linagusa kamba ya sita ikiwa wazi, mi ya chini kabisa ya gitaa. Em. Marehemu alikuwa ameweka Em pale kwa kukusudia, mara moja katika wimbo mzima, chini ya maneno yanayotaja walioondoka. Programu ilikuwa imeipata, na mimi ndiye niliyeifuta.

Uamuzi kuhusu majina

Usiku ule tulirudisha Em katika vipimo viwili na kukagua zilizobaki kati ya zile tano ambazo hatukuzikagua. Tatu zilikuwa C, kama tulivyodhani.

Halafu likaja swali la lugha. Kuwafundisha wazee do isiyohama ilikuwa ni kuwanyang'anya kitu walichokitumia maisha yao yote. Kuwafundisha vijana solfa kwa wiki tatu kusingewezekana. Nikaamua hivi: kwenye programu tuondoe majina ya Kifaransa na kuweka herufi, na ndani ya chumba cha mazoezi do, re, mi ziwe za waimbaji peke yao. Mpiga gitaa akitaka kuzungumzia C aseme C. Hilo lilikuwa badiliko la mguso mmoja kwenye mpangilio wa simu, na lilimaliza ugomvi ambao hakuna aliyejua kuwa upo.

Matokeo

Siku ya sikukuu wimbo ulipigwa kwa akordi nne: G, C, D7 na Em moja. Mama wa alto aliimba ubeti wa tatu, na safari hii sauti yake niliisikia kutoka nilikokaa.

Kasoro mbili zilibaki. Mpiga ngoma, aliyejifunza wimbo kwa hesabu ya programu wiki za mwanzo, alirudi kwenye mara tatu baada ya ubeti wa pili na kuwayumbisha wenzake kwa vipimo kadhaa. Mwili ukishazoea hatua, kubadilisha skrini hakuubadilishi. Na mpiga gitaa wa pili alipiga C mahali pa Em wimbo uliporudiwa. Baadaye tuliona kwamba simu yake ilikuwa imehifadhi nakala ya kufanyia mazoezi bila intaneti, na haikuwahi kuchukua marekebisho ya mwisho.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kupanga kazi kuanzia chini. Kasi ya kaseti ilirekebisha majina sita bila mtu kuyagusa. Mipigo ilirekebisha malalamiko ya wazee, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na majina. Tungeendelea kubadilisha kisanduku kimoja kimoja, tungepata majina sahihi yaliyokaa mahali pasipo pake, na wazee wangeendelea kunyamaza. Faili la sauti linapaswa kuwa la mwisho kabla ya herufi ya kwanza kuhaririwa, maana kazi yote inaning'inia juu yake.

F#dim ilinifundisha jambo ambalo sasa nawafundisha wanafunzi wote. Siku za kwanza tuliifuta kwa sababu jina lake lilitutisha. Tulipolichambua faili la mwisho ilijitokeza tena, na safari hii niliuliza ina noti gani: fa diezi, la, do. Weka re chini yake na unapata D7. Waimbaji wa tenori walikuwa wanashika ile do, na re ilikuwa kwenye besi iliyofifia. Jina lilikuwa baya, lakini noti tatu zilikuwa za kweli, na mojawapo ndiyo iliyotuonyesha kwamba akordi ile ni D7. Tungeandika D tu, mwimbaji wa tenori angepoteza mahali pake pa kusimama. Programu inapotoa jina la ajabu, jina linaweza kuwa kosa huku noti zilizolizaa ziko pale kwenye rekodi. Kabla ya kufuta, mtu azitaje.

Kubadilisha zote kwa pamoja ndilo kosa kubwa la kisa hiki, na nimelifikiria sana. Sita kati ya 11 zilionekana kuwa ushahidi wa kutosha. Hazikuwa, kwa sababu sita zile zilitoka katika beti mbili za kwanza, na mtunzi anapotaka kusema jambo tofauti hulisema mwishoni, watu wakishazoea mzunguko. Tungechagua sita kutoka pande zote za wimbo tungeikuta. Pia nilikuwa na alama mbele ya macho: karatasi ya besi ilikuwa na nafasi wazi mahali pale pale. Kanuni yetu ilisema Em ni C iliyopoteza besi yake. Penye besi iliyonyamaza yenyewe, kanuni hiyo haikuwa na la kusema.

Kuhusu Mama, nimejiuliza kwa nini tulichelewa wiki nzima. Kijana hakumdharau, alimjibu kwa heshima na kwa ukweli alioujua. Kilichokosekana ni kwamba sote tulimjibu kwa skrini. Yeye alileta sauti, sisi tukampa jina. Kumwomba aimbe peke yake mbele ya kinanda kulichukua dakika mbili, na siku ile ya kwanza dakika mbili hizo zilikuwepo. Waimbaji wa korali zetu wanabeba mistari ambayo haipo kwenye karatasi yoyote; mwimbaji wa alto anayesema hapa pananisukuma ametoa kipimo ambacho programu haikitoi.

Utunzaji wa nakala nilitakiwa kuushughulikia mapema. Sasa, wimbo ukishakamilika, tunautoa kwenye programu kama karatasi ya kuchapa, tunaandika tarehe juu yake, na karatasi hiyo ndiyo inayoaminiwa. Simu zote zinafutwa nakala za zamani, mbele ya wote.

Kisanduku kimoja bado hatujakimaliza. Ni ile Gm ya mwanzo, katika kipimo cha tatu cha gitaa kabla watu hawajaanza kuimba. Nimekisikiliza kwa mwendo wa nusu, kwa waya, kwa kisikilizio cha masikioni, mara nyingi. Kuna sol na kuna re, na kati yake hakuna kitu: si haipo, wala si iliyoshushwa nusu toni haipo. Noti ya kuamua kama ni meja au maina haikupigwa, na programu ikajichagulia. Mzee mmoja anasema marehemu alikuwa anaiacha wazi hivyo ili watu wavute pumzi. Mwingine anasema kamba ilikatika siku ya kurekodi. Kwenye karatasi ya korali, mahali pale, hatukuandika akordi. Tumeandika: sol na re tu.